Kutafsiri dodoso la maradhi ya ngozi likafaa Lamu na Malindi: mwongozo kamili

Bibi mmoja wa Lamu, mikono yake yote miwili imeshikwa na ukurutu mpaka kwenye viwiko, aliulizwa swali la pili la dodoso: "Katika wiki iliyopita, umeona aibu kiasi gani kwa sababu ya ngozi yako?" Akamtazama kijana aliyeshika kalamu, akavuta leso kufunika vidole, akasema: "Aibu ya nini, mwanangu? Mimi sikuiba cha mtu." Kijana akatia alama kwenye "hapana kabisa". Sifuri. Bibi huyo alikuwa hajakanyaga harusi tangu mikono ianze kubabuka, na hina ameiacha, lakini karatasi ilisema hana taabu yoyote.

Kijana aliyeshika kalamu alikuwa mimi. Tafsiri ile ilikuwa kazi ya mtu mmoja na kompyuta yake, jioni moja. Haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Niliyoyaandika hapa ni njia ya kulifanya dodoso lipime ngozi ya mtu wa pwani, na nimekaa zaidi kwenye maneno kuliko kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu utapata wa kukusaidia.

Jua unachokitafsiri, na ni mali ya nani

Nitatumia mfano wa DLQI (Dermatology Life Quality Index), dodoso linalotumika sana duniani kwa wagonjwa wa ngozi. Lilitungwa Cardiff, Wales, na Andrew Finlay na Gul Khan, likachapishwa mwaka 1994. Ni ukurasa mmoja wenye maswali 10, yote yanahusu siku saba zilizopita: kuwashwa na maumivu, kuona haya, shughuli za nyumbani na sokoni, mavazi, matembezi na watu, michezo, kazi au masomo, uhusiano na mwenza na jamaa, tendo la ndoa, na usumbufu wa matibabu yenyewe. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ni 0 hadi 30, na kadiri inavyopanda ndivyo mgonjwa anavyoonewa na ngozi yake. Mipaka inayofuatwa ni hii: 0 hadi 1 hakuna athari, 2 hadi 5 athari ndogo, 6 hadi 10 ya wastani, 11 hadi 20 kubwa sana, 21 hadi 30 ya kupita kiasi. Watoto wa miaka 4 hadi 16 wana dodoso lao. Usiwape la wakubwa kwa kufupisha maneno.

Dodoso lina wenyewe. Kabla hujafungua kamusi, waandikie wenye haki uwaulize mambo mawili: je, unaruhusiwa kutafsiri, na je, Kiswahili kipo tayari? DLQI imeshatiwa katika lugha zaidi ya 100, na mtu anayeanza upya bila kuuliza huishia na tafsiri mbili zinazogombana. Ukiambiwa ipo, iliyofanywa tuseme kwa ajili ya Tanzania bara, usiitupe. Ichukue, ruka hatua za kutafsiri, nenda moja kwa moja kwenye mahojiano na wagonjwa nitakayoyaeleza mbele. Huenda maneno matatu tu ndiyo yanayokwama Lamu.

Wenye dodoso hutaka kuona tafsiri mbili za kwenda, tafsiri mbili za kurudi, na ushahidi kwamba wagonjwa wamelijaribu. Hawakubali swali lihamishwe mahali pake wala lifutwe, hata kama wewe unaona halina maana kwenu. Yajue hayo mapema ili usije ukaahidi kikaoni kisichokuwa chako kuahidi.

Vibali

Hapa nitapita haraka. Kenya unaanza na kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha leseni ya NACOSTI yenyewe, kisha idara ya afya ya kaunti, kisha hospitali. Malindi iko Kaunti ya Kilifi na Lamu ni kaunti ya peke yake, kwa hiyo ukitaka miji yote miwili jiandae kwa barua mbili na safari mbili. Habari za afya ya mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: majina yakae daftari moja, majibu daftari jingine, na namba ndiyo iyaunganishe. Fomu ya ridhaa nayo itafsiri kwa uangalifu uleule. Nimeona dodoso zuri likitanguliwa na fomu ya ridhaa ambayo hata mwalimu mkuu angeisoma mara mbili.

Watafsiri wawili, kila mmoja peke yake

Tafuta watu wawili ambao Kiswahili ni lugha yao ya mama. Mmoja awe anajua tiba, muuguzi au ofisa wa kliniki ya ngozi. Wa pili asijue chochote cha tiba. Mwalimu, mtangazaji wa redio ya mtaani, hata mshairi. Huyu wa pili ndiye atakayekuletea maneno ya watu, maana yule wa kwanza ameshazoea kuandika "vidonda vya epidamisi" na haoni kama kuna neno. Sisi tulimchukua mmoja kutoka Lamu na mwingine Malindi, na ugomvi wao ulitufaa kuliko mafunzo yoyote.

Wasikae chumba kimoja. Wasionyeshane kazi. Kila mmoja aandike pembeni ya kila swali neno lililomsumbua na sababu. Maelezo hayo ya pembeni utayahitaji zaidi kuliko tafsiri yenyewe.

Jambo la kuamua tangu hapa ni Kiswahili gani. Mzee wa mtaa wa Langoni, Lamu, atakuambia mato yanamwasha tangu yana, na wewe kwenye karatasi utaandika macho na jana. Je, uandike Kiamu, lahaja ya Lamu? Ningetamani, lakini jibu langu ni hapana. Kliniki ya Lamu inapokea watu wa Mpeketoni ambao Kiswahili chao ni cha shuleni, na kliniki ya Malindi inapokea watu wengi ambao nyumbani husema Kigiriama. Andika Kiswahili sanifu chepesi, ila kila neno lipite mtihani wa masikio ya pande zote. Msomaji wa swali, yaani anayemsomea mgonjwa, anaweza kutamka Kiamu, kilichoandikwa kisibadilike.

Kupatanisha tafsiri mbili: hapa ndipo penye kazi

Kaa na watafsiri wote wawili na mtu wa tatu wa kuandika. Tenga siku nzima, na msitoke na zaidi ya maswali 10 na majibu yake. Nitaonyesha mambo matano yaliyotuchelewesha, kwa sababu nawe utayakuta.

La kwanza ni wiki. "Wiki iliyopita" kwa aliyesoma shule ni siku saba zilizokwisha. Kwa mtu anayehesabu kama lugha yenyewe inavyohesabu, Jumamosi ndiyo siku ya mosi na Ijumaa ndiyo ya kufungia, kwa hiyo ukimuuliza Jumatatu anakupa habari za mpaka Ijumaa na kuacha hizi siku tatu za karibuni. Tena kuna usiku: usiku wa Ijumaa kwa wazee ni ule wa kuamkia Ijumaa, si ule unaoufuata. Tukaandika "siku saba zilizopita", na msomaji wa swali akaagizwa kutaja siku: "kuanzia Jumanne iliyopita mpaka hivi sasa". Mgonjwa akitajiwa siku, anakumbuka alichokula.

La pili ni kuwasha. Swali la kwanza linataka hisia nne kwa pamoja: kuwashwa, kidonda kuuma, maumivu, na ule uchungu wa mchomo. Kiswahili kinazo zote, ila neno "kuwasha" limebeba mzigo wa mawili: upele unawasha, na pilipili nayo inawasha. Mtafsiri wa Malindi aliweka "kuwasha, kuuma, kuumiza, kuchoma", na ukisikiliza vizuri hapo kuna mambo mawili tu yaliyosemwa mara nne. Yule wa Lamu akasema mbona neno tunalo: kuchonyota, kama kidonda kikiingia maji ya chumvi. Tulipowauliza wavuvi walilipokea mara moja. Vijana wawili wa mjini Malindi hawakulijua. Tukaliacha, tukalitanguliza na kuchoma: "kukuchoma au kukuchonyota". Anayelijua moja limtosha.

La tatu ni aibu, na hili sitalipita upesi.

Aibu, kwa mtu mzima wa pwani, ni doa la kitendo. Ni ya aliyeiba, aliyevunja ahadi, aliyewatia wazee wake midomoni mwa watu. Maradhi ni ya Mungu, hayana aibu, na ukimuuliza mgonjwa kama ameona aibu ni kama umemtuhumu. Basi tukajaribu haya. Haya nayo ni sifa. Msichana aliyelelewa anaona haya kila siku, ngozi ikiwa laini au ina mabaka, na "hana haya" ni tusi. Msichana wa miaka 19 mwenye chunusi alijibu "sana sana" kwa fahari kabisa, kisha tukagundua alikuwa anaelezea tabia yake na si uso wake. Fedheha ilikuwa nzito mno; inataka umati. Unyonge ulikuwa karibu, ila wanaume waliukataa.

Dawa haikutoka kwenye kamusi. Ilitoka kwenye mpangilio wa sentensi. Kwa Kiswahili ukianza na mtu ("umeona haya kiasi gani kwa sababu ya...") sababu inakuja mwishoni, na msikilizaji ameshajibu moyoni. Ukianza na ngozi, haya inafungwa kamba na ngozi tangu mwanzo: "Ngozi yako imekufanya uone haya mbele za watu, au ujihisi unatazamwa, kwa kiasi gani?" Kikubwa kilichobadilika hapo ni mtenda. Hatimaye maswali karibu yote tuliyapindua vivyo hivyo, ngozi mbele, mtu nyuma, na dodoso zima likaacha kusikika kama mahojiano ya polisi.

La nne ni lile sanduku la "swali hili halinihusu". Tafsiri zote mbili ziliandika hivyo, na ni sahihi kwa kalamu. Kwa mdomo, "hainihusu" ni jibu la mtu aliyekasirika. Wagonjwa wenye adabu hawakutaka kulisema, wakachagua "hapana kabisa". Tukaandika "sifanyi jambo hili". Lakini angalia mtego: mtu aliyeacha kuogelea kwa sababu ya mabaka mgongoni atakuambia "sifanyi", na DLQI humpa sifuri kwa jibu hilo, yaani aliyeathirika kuliko wote anaonekana mzima. Kwa hiyo msomaji wa swali afundishwe kuuliza mara moja tu: "Hufanyi kwa sababu ya ngozi, au hata ngozi ingekuwa nzima usingefanya?" Kama ni ngozi, mrudishe kwenye majibu manne. Maelezo hayo yaandikwe kwenye mwongozo wa msomaji, yasibaki kwenye kumbukumbu za mtu mmoja, na uwaonyeshe wenye dodoso wayakubali kwanza.

La tano ni matibabu. Swali la mwisho linauliza matibabu ya ngozi yamekuletea shida gani, kama kuchafua nyumba au kula muda. Kliniki ilidhani kila mtu anafikiria dawa ya hospitali. Lakini mgonjwa wa Lamu pia anaoga maji ya mwarobaini, anajipaka mafuta ya habasoda, na pengine amekunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Je, hayo ni matibabu? Kwake ndiyo, na yanakula muda kweli. Tuliamua "matibabu yoyote unayotumia kwa ngozi" na tukaandika uamuzi huo. Mfano wa nyumba kuchafuka uligusa watu pale tu tulipotaja shuka. Mafuta ya dawa yakiingia kwenye shuka au kanzu nyeupe hayatoki.

Mengine yalikuwa mepesi. Bustani ya maua ikawa shamba au ua wa nyumba. Mwenza akawa mume au mke. Maswali yaliyokanusha tuliyaepuka yote, maana ukiuliza "haikukuzuia?" na mtu akajibu "ndiyo", anakubaliana nawe kwamba haikumzuia, na mwandishi asiye makini ataandika kinyume.

Majibu manne, na kadi za rangi moja

Watu hutafsiri maswali kwa jasho na majibu kwa dakika mbili. Ni kosa. Ngazi nne za DLQI lazima zisikike kama ngazi nne. Andika kila jibu kwenye kadi yake, kadi zote za rangi moja na ukubwa mmoja, zichanganye, mpe mtu mezani na umwambie azipange kutoka dogo hadi kubwa. Fanya hivyo kwa watu 15 hivi, wasiwe wagonjwa si kitu. Tulianza na "mno, sana, kidogo, hapana". Baadhi waliweka "sana" juu ya "mno". Tukajaribu "sana sana, sana, kidogo, hapana kabisa", na kila mtu akazipanga sawa, hata asiyejua kusoma aliyesomewa. Haikuwa na uzuri wa kifasihi. Ilifanya kazi.

Kuna na jibu la tano lisiloandikwa: "Alhamdulillahi." Mgonjwa mcha Mungu halalamiki mbele ya mgeni, na "kidogo tu" yake huenda ni usiku tatu bila usingizi. Huwezi kulitafsiri hilo likaondoka. Unachoweza ni kuweka sentensi moja mwanzoni, kabla ya swali la kwanza, kwamba kusema ukweli wa maumivu hapa ni kumsaidia daktari na si kunung'unika. Sentensi hiyo nayo si sehemu ya dodoso. Iweke kwenye maelezo ya msomaji.

Tafsiri ya kurudi

Watu wengine wawili, ambao hawajaliona dodoso la asili, walirudishe Kiswahili kwenye Kiingereza, kila mmoja peke yake. Inapendeza wawe wamekulia kwenye Kiingereza. Malindi ina wageni wengi wakazi, ila wengi wao ni Waitalia, kwa hiyo usichekelee mapema. Mkenya aliyesomea na kuishi nje miaka mingi atafaa.

Tafsiri ya kurudi inakamata makosa ya wazi: neno lililorukwa, kitenzi kilichogeuka. Haikamati aibu. "Aibu" ya jioni ile ingerudi Kiingereza ikiwa safi kabisa, na kila mtu angepiga makofi. Usiiamini kupita kiasi.

Kikao cha wajuzi

Waite watafsiri wote wanne, daktari wa ngozi, mtu wa lugha, mtu wa utafiti, na angalau mgonjwa mmoja. Daktari wa ngozi ni adimu pwani yetu; ofisa wa kliniki aliyesomea ngozi anatosha, na wapo waliosoma Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa miaka ya 1990. Mgonjwa asiwe wa kujaza kiti. Mketishe mapema na mwulizeni yeye kwanza, la sivyo atakubaliana na daktari.

Kila mjumbe akadirie kila swali kwa alama 1 hadi 4 jinsi linavyofaa. Gawanya idadi ya waliotoa 3 au 4 kwa idadi ya wajumbe wote. Swali likipata chini ya 0.78 kwa wajumbe sita au zaidi, linarudi mezani. Wakiwa watano au wachache, wote wakubali.

Mahojiano na wagonjwa

Kikao kikimaliza, nenda kliniki. Mwongozo unaofuatwa na wengi unataka watu 30 hadi 40 katika jaribio hili. Mimi naligawa mafungu: watu saba au wanane, rekebisha, wengine wanane, rekebisha tena, mpaka fungu zima lipite bila neno jipya kukwama. Changanya maradhi (ukurutu, soriasisi, mbalanga, choa, chunusi), changanya umri, wanawake na wanaume, waliosoma na wasiosoma. Malindi usikose wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni. Ngozi yao na chumvi wanajuana.

Mgonjwa akijibu swali, mwulize: "Kwa maneno yako mwenyewe, swali hili limekuuliza nini?" Kisha: "Ulikuwa unafikiria siku gani, jambo gani, hata ukajibu 'kidogo'?" Usimwulize kama ameelewa. Kila mtu ameelewa. Mzee mmoja wa Shela alijibu swali la michezo kwa kusema hapana kabisa, na nilipomuuliza amefikiria nini, akasema bao, na bao halihitaji ngozi nzuri. Tukaongeza "michezo ya viungo, kama mpira au kuogelea". Akabadilisha jibu, alikuwa akiogelea kila asubuhi mpaka madoa yalipotokea.

Swali la tendo la ndoa lina kanuni zake. Mwanamke amsomee mwanamke, mwanamume amsomee mwanamume, mlango umefungwa, hakuna shemeji wala mtoto wa kutafsiri. Neno "tendo la ndoa" linakubalika kwa wengi, "mambo ya unyumba" ni la heshima zaidi kwa wazee. Kwa asiye na ndoa usisome kwa sauti ya kutuhumu. Mwambie sanduku la "sifanyi jambo hili" lipo, endelea. Ikiwezekana mpe karatasi ajitie alama mwenyewe swali hilo tu. Watu wanaokataa kujibu waandike wamekataa. Usiwajazie sifuri.

Kukusanya majibu ya uthibitisho

Sasa tafsiri imetulia na haiguswi. Kwa uthibitisho panga angalau wagonjwa 100. Mimi ningetaka 150, wapo watakaoacha maswali wazi. Kwa kupima kama majibu yanajirudia unahitaji watu 50 waliojibu mara mbili.

Hapo ndipo jiografia inapokukumbusha iko wapi. Rudio lifanywe baada ya siku chache, wengi huchukua wiki moja, ngozi ikiwa haijabadilika. Mgonjwa aliyetoka Faza au Kizingitini kwa boti hatarudi wiki ijayo kwa ajili ya karatasi yako, hata umlipie nauli, pepo zikichafuka. Chagua watu wa rudio kutoka mjini na Mokowe, au umfuate mtu kwao. Usimpigie simu kama mara ya kwanza alisomewa uso kwa uso. Ukibadili njia, hujui tena kama kilichobadilika ni mtu au ni simu. Na mwulize kila anayerudia: "Ngozi yako ni vilevile, imepungua, au imezidi?" Wanaoingia kwenye hesabu ni waliosema vilevile.

Angalia kalenda pia. Mwezi wa Ramadhani shughuli, mavazi na tendo la ndoa vyote vinabadilika, kwa hiyo mtu aliyejibu mwishoni mwa Shaabani akarudia baada ya mwezi kuandama hajibu maisha yaleyale. Wakati wa Maulidi Lamu imejaa wageni na kliniki haina nafasi. Na joto la kaskazi, harara ikipanda, si sawa na kusi. Fanya kazi yote ndani ya msimu mmoja, au andika tarehe ya kila jibu ili uweze kutenganisha.

Wazee wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na si za Kirumi wapo, hasa Lamu. Wasomewe, na iandikwe kwamba wamesomewa.

Hesabu

Kwanza alama. Sana sana ni 3, sana 2, kidogo 1, hapana kabisa 0, sifanyi 0. Swali la saba lina umbo lake: ngozi ikimzuia mtu kabisa kazi au masomo ni 3; kama haikumzuia, anaulizwa ilimsumbua kiasi gani, na hapo kubwa ni 2. Swali moja likiachwa wazi hupewa 0 wakati wa kujumlisha tu. Yakiachwa mawili au zaidi, dodoso hilo halijumlishwi.

Tazama wangapi wamepata 0 na wangapi 30. Wakizidi asilimia 15 upande mmoja, dodoso limegota sakafuni au darini. Ukigota sakafuni Lamu, rudi usome mahojiano kabla hujasema ngozi za Lamu ni salama.

Mshikamano wa maswali hupimwa kwa alfa ya Cronbach. Inayotakiwa ni kati ya 0.70 na 0.95. Ikipita 0.95 usishangilie, huenda maswali yanarudia neno moja. Muundo wa ndani upime kwa uchanganuzi wa vipengele. Wapo watafiti waliotumia mbinu ya Rasch na kutilia shaka kwamba maswali haya 10 yanapima kitu kimoja, kwa hiyo ukikuta viwili usidhani umekosea.

Uhalali unahitaji dhana zilizoandikwa kabla hujafungua data. Kwa mfano: walioamuliwa na daktari kuwa na maradhi makali, naye hajaona majibu yao, watakuwa na alama kubwa kuliko wenye maradhi mepesi, alama zitapanda pamoja na kipimo cha kuwashwa cha 0 hadi 10. Robo tatu ya dhana zako zikitimia, uko vizuri. Alama hizi aghalabu hulalia upande wa chini, kwa hiyo tumia vipimo vya safu kama Mann-Whitney badala ya wastani peke yake. Linganisha pia wanawake na wanaume wenye maradhi ya ukali mmoja kwenye swali la mavazi. Mwanamke wa buibui ameshajifunika kabla ya ngozi kuugua, akijibu "hapana kabisa" anasema kweli. Hilo si kosa la tafsiri, lakini liandike.

Kujirudia hupimwa kwa uwiano wa ndani ya tabaka, ambao programu za takwimu huuita ICC, 0.70 kwenda juu inakubalika. Usiishie hapo. Tuseme mtawanyiko (SD) wa alama zako ni 6 na ICC ni 0.85. Kosa la kipimo ni 6 mara kipeuo cha pili cha 0.15, yaani kama 2.3. Zidisha kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata kama 6.4. Maana yake, kwa mgonjwa mmoja aliyeketi mbele yako, alama zikishuka kwa chini ya 6 au 7 huwezi kuapa kwamba amepona kidogo. Na badiliko ambalo wagonjwa wenyewe huliona la maana kwenye DLQI limekadiriwa kuwa alama 4. Pengo hilo mwambie daktari wazi, asije akambadilishia mtu dawa kwa alama nne za bahati. Kwa kundi la watu 50 pengo linapungua hata chini ya alama moja, ndiyo maana dodoso hilohilo linafaa utafiti na linahitaji tahadhari kwenye meza ya kliniki.

Baada ya kuchapisha

Tia tarehe na namba ya toleo chini ya ukurasa, herufi ziwe kubwa za kuonwa na mzee bila miwani, na mwongozo wa msomaji uwe karatasi ya pili, isitenganishwe na ya kwanza. Daftari la maamuzi lihifadhiwe zima. Kwenye letu swali la pili peke yake lina mistari kumi na minne iliyokatwa. Kisha kila baada ya miezi michache pita kliniki uombe kuona nakala inayotumika. Kwenye kliniki moja tulikuta fotokopi ya fotokopi, mwongozo haupo, na juu ya "uone haya mbele za watu" mtu mwema ametia kalamu nyekundu akaandika: aibu. Tulimtafuta tukakaa naye. Alisema wagonjwa wake wengi ni vijana wa Malindi mjini, na wao aibu wanaielewa vizuri tu. Tukaandika mstari wa kumi na tano.